Uza Tena

Nilitaka kitu kimoja tu kwenye maonyesho ya kaunti mwaka huu: kondoo wangu auzwe mara moja, isiwe zaidi.

Mgeni angeona ni ombi dogo. Kwetu Harlow, mji mdogo wa wafugaji, si dogo. Kila Agosti, siku ya mwisho ya maonyesho, sisi vijana wa klabu ya ufugaji tunawaingiza uwanjani wanyama tuliowalea tangu majira ya baridi. Dalali anapayuka, wenye biashara wa mjini wananunua kwa bei ya kutupendelea, mnyama anapanda lori la machinjioni. Imekwisha, nenda kanywe maji yako ya limau. Lakini kuna miaka ambapo aliyenunua husimama na kusema, "Mrudishie. Uza tena." Basi dalali huanza upya, mnyama yule yule, mtoto yule yule. Mnunuzi wa pili naye hurudisha, na wa tatu, mpaka uwanja mzima unafuta machozi kwa mikono ya mashati. Pesa zote ni za mtoto. Hakuna mahali palipoandikwa maneno hayo husemwa kwa ajili ya nani, ila kila mtu anajua. Ndama wa Rusty Petska aliuzwa hivyo mwaka ambao trekta lilimlalia baba yake. Nguruwe wa Josie Matousek aliuzwa hivyo Agosti, na kabla mahindi hayajaisha kuvunwa tukamzika Josie. Nilikuwepo kwenye mnada ule. Nilipiga makofi kama wengine, halafu nikala kolache, maandazi yenye jamu katikati, kwa sababu kina mama wa kanisani walikuwa wanazigawa bure.

Mimi ni Twila Kucera, nina miaka kumi na mitano, na nina saratani ya damu. Mwezi wa Mei ningesema niliwahi kuwa nayo, imekwisha. Mwezi huo daktari wa Omaha alisimamisha dawa ya dripu, na tukiwa njiani kurudi Mama akageuka kwenye kiti cha mbele akaniambia, "Dawa imemaliza kazi yake, mwanangu." Nikamwamini. Mama hajui kudanganya. Akimdanganya Baba hata bei ya viatu, shingo inakuwa nyekundu. Siku hiyo alikuwa amejifunga skafu mpaka kidevuni, na joto lote lile, nami sikulitilia maanani. Nilikuwa nahesabu moyoni kama nitawahi kupata kondoo.

Nilipata, kwa kuchelewa. Dume aliyehasiwa, uso mweusi, kichwa kigumu. Nikamwita Otis.

Sasa, ng'ombe huonyeshwa kwa kamba, lakini kondoo hana kamba. Unamshika kichwa kwa mikono mitupu, kiganja chini ya taya, unamkingia goti kifuani, naye anakusukuma. Anaposukuma ndipo misuli ya mgongo inapokaza na jaji anaipapasa. Mambo yote ni ya vidole. Kondoo akitaka kutoroka, taya linasema kwanza, na mwenye vidole vizima anasikia kabla mguu haujanyanyuka. Mimi dawa ile ilinitia ganzi vidole vyote, vya mikono na vya miguu. Kufunga vifungo vya shati ni kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo Otis akitaka kutoroka, habari nilikuwa nazipata akiwa ameshafika kwenye nyanya za Mama.

"Kipara!" Rusty alikuwa anapiga kelele kutoka juu ya uzio. "Kondoo wako anaelekea Kansas."

"Mfuate basi, wewe si ndiye mwenye miguu ya mbuni."

"Mbuni ana akili kuliko huyo Otis. Na ana nywele kuliko wewe."

Rusty ni jirani yetu, ana mwaka mmoja zaidi yangu, na hana mshipa wa aibu. Nywele ziliponianguka wenzangu wote walinitumia kadi zenye maua. Yeye alinitumia kitana. Nilicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Juni yote alikuwa anakuja jioni kunisaidia mazoezi, yaani kumkimbiza Otis na kunitukana, na ilikuwa Juni nzuri.

Halafu katikati ya Julai alikuja amebeba gunia la chakula cha mifugo ambalo hakuna aliyemwomba, akaliweka chini polepole, akasema, "Habari ya jioni, Twila."

Nikamtazama. "Twila ni nani?"

"Wewe."

"Tangu lini?"

"Mama kasema niwe na adabu."

"Adabu haijakukaa. Ivue."

Hakucheka. Alichukua ndoo yangu akaenda kuchota maji, maji ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayachota kila siku. Otis akaniponyoka, naye Rusty hakusema neno juu ya Kansas. Alimrudisha kimya kimya, akanishikia mpaka nikawa tayari. Hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza. Hospitalini sikuwahi kuogopa namna ile.

Siku ya pili yake tulikuwa jikoni na Mama, tunatia jamu ya plamu kwenye chupa. Nikamuuliza, "Mama, kuna jambo mnanificha?"

"Jambo gani tena? Kaza hicho kifuniko, usije ukaniharibia jamu."

"Rusty ananiita Twila."

"Ndilo jina nililokupa," akasema, akageukia sufuria.

Sikumsukuma. Labda ningesukuma ningejua, lakini nadhani sote wawili tulikuwa hatutaki. Nikaamua mnada ndio utakaoniambia. Watu wazima wa Harlow wanaweza kunyamaza kanisani, wanaweza kunyamaza kwenye duka la mbegu wakakuuliza habari za mvua na macho yao yako kwenye kofia yako. Lakini mnadani hawawezi. Siku hiyo watafanya wanachofanya kwa watu wa namna fulani, au hawatafanya. Otis akiuzwa mara moja, mimi ni mzima, na Rusty kweli amefundishwa adabu. Mwezi mzima nililala na hesabu hiyo.

Siku ya kuonyesha kondoo jaji alitoka jimbo la South Dakota, na hilo lilinifurahisha, kwa sababu South Dakota hawanijui. Mtu mrefu, mkavu, anapapasa migongo kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alipofika kwa Otis alimpapasa mara mbili, kisha akatazama mikono yangu.

"Binti, kondoo wako ni mzuri kuliko unavyomwonyesha. Humsikilizi."

"Vidole vyangu havisikii, bwana."

Alifikiri kidogo. "Basi tumia goti zaidi."

Akanipa utepe mwekundu. Kwetu wa zambarau ndio wa juu, unafuata wa bluu, halafu mwekundu, halafu mweupe ambao hupewa mtu ambaye mnyama wake amemkanyaga jaji. Mwekundu si kitu cha kumwonyesha bibi yako. Lakini mimi nilitoka uwanjani kichwa juu. Mtu mzima alikuwa amenitazama akanipa nilichostahili, wala hakuongeza hata chembe ya huruma. Nikautia mfukoni, nikanunua maji ya limau, nikakaa kwenye nyasi kavu mbele ya feni kubwa la banda la kondoo. Kwa saa kama moja hivi nilikuwa mzima kabisa.

Kitu kilichoniharibia ni Rusty, aliyekuwa amesimama kwenye uzio anapiga makofi kwa nguvu.

"Kwa utepe mwekundu?" nikamuuliza alipokuja.

"Umefanya vizuri," akasema.

"Rusty, niambie nimefanya vibaya."

"Umefanya vizuri, Twila," akasema tena, akaondoka.

Mnada ulikuwa Jumamosi mchana. Wenye tepe nyekundu na nyeupe huuzwa mwishoni, watu wakiwa wamechoka na wanawaza chakula, na mimi nilishukuru kwa hilo pia. Mama alikaa kwenye benchi za mbao pamoja na mama yake Rusty. Baba hakukaa. Baba yangu ni mtu wa kusimama, na ana maneno machache kiasi kwamba ng'ombe wetu wanamshinda. Alisimama langoni, viganja juu ya chuma.

Dalali wetu ni Verl Obermeier. Amekuwa dalali tangu kabla sijazaliwa, na mkewe husema hata usingizini humuuzia shuka lake mwenyewe. Akaniita. Nikaingia na Otis, nikamweka katikati, goti kifuani, kama yule bwana wa South Dakota alivyosema. Otis akasukuma vizuri. Verl akaanza, maneno yakakimbizana, mikono ikanyanyuka huku na kule, haraka, bila mbwembwe, bei ya kawaida kabisa ya kondoo wa kawaida. Mzee Horak mwenye duka la mbegu akainua kidole.

"Imeuzwa kwa Gaylen Horak," akasema Verl.

Nilingoja kidogo. Hakuna aliyesimama. Nikamgeuza Otis tukaanza kutoka. Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Nilikuwa nataka kumwona Rusty nimtukane, nilikuwa nimeshachagua tusi lenyewe. Nilifika langoni, Baba yuko mbele yangu upande wa pili wa chuma, na nikaona kwamba hanitazami mimi. Anatazama nyuma yangu.

"Verl," akasema Mzee Horak. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Mrudishie binti. Uza tena."

Ganzi ile ya vidole ilipanda ikashika viganja, ikapita viwiko, ikafika kifuani ikatulia, na baada ya hapo niliona kila kitu vizuri sana. Wanaume walikuwa wanavua kofia, benchi moja baada ya nyingine. Mama mmoja wa kanisani aliweka chini sinia yake ya kolache. Nikamtafuta Mama. Alikuwa anatazama mapaja yake, na mama yake Rusty alikuwa amemshika mkono.

"Rudi katikati, mwanangu," Verl akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole ambao sikuujua kwake.

Nikarudi. Wangeniambia nipande paa ningepanda. Otis akauzwa kwa mtu wa benki, akasema uza tena. Akauzwa kwa daktari wa mifugo, akasema uza tena. Akauzwa kwa mama yake Rusty, ambaye hajawahi kununua mnyama pale maisha yake yote, na aliposimama alipunga mkono tu, Verl akaelewa. Rusty alikuwa kwenye uzio analia mdomo wazi kama mtoto mdogo. Nilitafuta hasira nimkasirikie, nikatafuta na machozi. Hakukuwa na kitu. Nilimzungusha Otis, nikamweka, nikamshika. Tumefundishwa kumtazama mnunuzi na kutabasamu, kwa hiyo nilikuwa nawatazama wote na kutabasamu.

Kisha lango likalia, Baba akaingia. Watu wazima hawaruhusiwi kuingia uwanjani na watoto, na hakuna aliyemzuia. Alikuja mpaka upande wa pili wa Otis, akapitisha mkono chini ya taya, karibu na wangu.

"Unamshika vibaya," akasema.

"Najua."

Verl alikuwa anaendelea, kelele zake zimetufunika, ilikuwa kama tuko peke yetu zizini.

"Baba. Dawa haikumaliza kazi."

"Hapana."

"Ilishindwa."

"Ndiyo."

"Walisema itakuwa lini?"

Baba alipapasa mgongo wa Otis, ungedhani ananunua. "Walisema tusipange kitu baada ya mwaka mpya."

Nikamzungusha Otis kidogo ili watu wa upande ule nao wamwone. "Na watu wote walijua."

"Mama yako alijaribu, akashindwa. Mimi nilishindwa zaidi. Kila asubuhi tukimlisha huyu nilikuwa nasema leo namwambia. Halafu unacheka, nasema kesho."

"Mngeniambia tu."

"Tungekwambia," akasema. "Inua kichwa chake."

Nikakiinua.

Verl akanyamaza. Nadhani alikuwa ameona uso wa Baba. "Twila," akasema, "umechoka? Tuishie hapa?"

Mkono wa Baba ulikuwa umefungana na wangu kwenye manyoya ya shingo. Niliona vidole vyake viko juu ya vyangu. Kwa macho tu, kusikia sikusikia kitu. Nikawaza kwamba tukiishia hapa tutakwenda kwenye gari, na Mama atakuwa ndani ya gari, na itabidi mtu aongee. Na tena watu hawa walinificha kiangazi kizima wakiniuliza habari za mvua. Jua la Agosti kidogo halitawadhuru.

"Endelea," nikasema.

Akaendelea. Sikuhesabu. Mwishoni sauti yake ilikuwa imekwaruza na wanunuzi walikuwa wameanza kurudia, mpaka ikawa zamu ya Mzee Horak tena. Safari hii hakukaa. Alishuka kutoka kwenye benchi, akavuka vumbi la mbao, mzee mwenye nyonga mbovu, akaja kusimama mbele yangu.

"Basi," akasema. "Huyu hapandi lori. Mpeleke nyumbani, Twila. Ni wako."

Jambo hilo halijawahi kutokea Harlow. Mnyama akiingia mnadani huchinjwa, hata ndama wa Rusty alichinjwa, hata nguruwe wa Josie. Watu wote wakasimama. Makofi yalikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Mzee Horak alikuwa amefungua mikono kidogo, anangoja nimkumbatie, na najua alikuwa anatoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Nani atamlisha majira ya baridi?" nikamuuliza.

Sikuuliza kwa ubaya. Mfugaji yeyote angeuliza. Lakini Verl alikuwa amesogea karibu na kipaza sauti kikalichukua swali, na makofi yakakatika upande mmoja, halafu mwingine. Mzee Horak akashusha mikono.

"Mimi," akasema Baba.

Nikamwona. Februari, theluji imefika magotini, ndoo mkononi, anakwenda zizini asubuhi kumlisha kondoo kwa sababu kondoo huyo aliwahi kuwa wangu. Kondoo asipochinjwa huishi miaka mingi. Baba asingekosa hata asubuhi moja, na asingemwambia mtu yeyote neno. Hicho ndicho kitu pekee siku ile kilichoniuma, na kiliniuma sana.

"Hapana," nikasema. "Asante, Mzee Horak. Apande na wenzake."

Hakuna aliyejua afanye nini, hata Verl. Nikamgeuza Otis, nikamsukuma kwa goti, tukatoka langoni tukashika njia ya lori. Baba alikuja upande wa pili, mkono wake bado uko chini ya taya. Otis alikuwa mpole, alikuwa amechoka kuuzwa. Tulipita banda la nguruwe, tukapita wanaouza maji ya limau, na njia nzima Baba alikuwa ananielekeza: kiganja kiwe wazi, kidole gumba nyuma ya sikio, usimkabe.

"Ukimshika hivi mwakani," akaanza, na hakumaliza.

Nikamshika hivyo.